Waliotuchekesha Utotoni

Dada yetu mwelimishaji wa afya alizungumza na wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne katika shule moja ya sekondari mkoani Tanga. Tumeyaandika maneno yake karibu kama alivyoyasema.

Habari za mchana wanafunzi? Sijasikia. Habari za mchana? Hapo sawa.

Mwalimu wenu amenileta nizungumze juu ya afya, na najua mmeshajiandaa. Mnasema moyoni: huyu dada atatundika mabango, atachora viungo vya uzazi ubaoni, atatukataza kila kitu, halafu atauliza kama kuna swali na hakuna mtu atakayenyoosha mkono. Si ndiyo? Basi leo mabango nimeyaacha ofisini. Nataka tuzungumze kuhusu televisheni.

Kabla ya hapo, jambo moja. Mlipokuwa mnaingia kila mmoja alipewa kipande cha karatasi. Hicho ni cha swali lako. Usiandike jina lako. Ukitaka jina, jipe la bandia. Sanduku litapita wakati mimi naongea, nanyi mtatumbukiza polepole bila kuchungulia karatasi ya jirani.

Haya, tuendelee.

Mimi nimekulia Korogwe. Mtaa wetu ulikuwa na nyumba nyingi na televisheni chache, na iliyokuwa karibu nasi ilikuwa ya fundi cherehani mmoja. Masharti yake yalikuwa mawili tu: unawe miguu, ukae chini kwenye mkeka. Wakubwa walikaa kwenye viti, sisi watoto chini, na waliochelewa walisimama dirishani. Kilipokuja kipindi cha Ze Comedy, kwanza EATV na halafu TBC, ambako baadaye kiliitwa Orijino Komedi, dirisha lile lilikuwa halipitishi hata upepo. Umeme ukikatika katikati ya kipindi, tulikuwa hatuondoki. Tunakaa gizani tunasimuliana kilichobaki kana kwamba tumeshakiona.

Joti nyinyi mnamfahamu, mnamwona kwenye matangazo na kwenye simu za kaka zenu. Sisi tulimpokea akiwa bibi kizee, kesho mtoto mtundu, keshokutwa binti aliyejiremba mpaka wanaume wa kwenye viti wakaona aibu. Alikuwapo Masanja Mkandamizaji, alikuwapo Mpoki, alikuwapo Wakuvanga. Walisoma taarifa ya habari ya utani, wakaiga lafudhi za watu wa kila mkoa, wakaiga hata viongozi wakubwa. Siku ya pili shuleni hakuna aliyezungumza kwa sauti yake mwenyewe. Darasa zima lilikuwa Mpoki.

Halafu Mzee Majuto. Huyu ni wetu, watu wa Tanga. Jina lake halisi Amri Athumani, na alianza kuigiza mwaka 1958 akiwa bado mtoto. Majuto hakuhitaji wigi wala rangi za usoni. Akiingia na msuli wake na kofia, akatoa macho, watu wameshaanguka kabla hajasema neno.

Na Sharo Milionea! Naona wengine mnatazamana, hamumjui. Muulizeni mama. Miwani mieusi usiku, suruali ya kubana, mwendo wa kuruka kama mtu anayekanyaga kaa la moto, na maneno ya majigambo yanayomtoka mfululizo. Alikuwa milionea asiye na nauli. Kichekesho chote kilikuwa hapo.

Kwa upande wa kina mama ilikuwa taarabu. Nyumbani kwetu Khadija Kopa alipotokea kwenye kioo, chungu kiliungua. Gauni linametameta, vito mpaka kwenye vidole, na mkono mmoja unamnyooshea mtu usiyemwona. Wakamwita Malkia wa Mipasho. Mimi nilikuwa msichana mnene kidogo, niliyefundishwa kukaa nyuma wakati wa kupiga picha. Kumwona mwanamke mtu mzima, mwenye mwili wake, anasimama katikati ya jukwaa na hamwombi mtu samahani kwa nafasi anayoichukua, sikusahau. Sijui kama yeye alikuwa na habari kwamba anafundisha afya. Mimi nasema alikuwa anafundisha.

Mkiwatazama wote hao, mtaona hakuna hata mmoja aliyekuwa anajificha. Sisi tulilelewa kwa "tulia", "usijionyeshe", "wageni watasemaje". Wao walijionyesha, na tena walilipwa.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo panaponileta.

Darasani kwetu shule ya msingi alikuwapo mvulana mmoja mwenye sauti laini na mwendo wa taratibu. Jumatatu moja, baada ya Joti kuigiza binti, mtu akamwita mvulana yule "Joti". Tukacheka wote. Jina likamganda mpaka darasa la saba. Mnaona tofauti? Joti akivaa gauni ni kazi yake, akimaliza anavua anakwenda nyumbani. Yule mwenzetu hakuwa na mahali pa kulivulia. Akaanza kukosa michezo, kisha akaanza kukosa shule. Aliwahi kuumwa tumbo wiki nzima akikataa kwenda zahanati, kwa kuwa foleni ya zahanati ilikuwa na watoto wa shule yetu na alijua watamfanyia nini. Ilikuwa ni homa ya matumbo. Alipona, namshukuru Mungu, lakini alipelekwa amebebwa.

Kwa hiyo kichekesho kilekile, kwenye kioo kinafungua watu midomo, na darasani kinamfunga mtoto mdomo asiseme hata tumbo linamuuma.

Kwa Sharo tulifanya kinyume kabisa, nacho ni kituko. Yeye alikuwa anatucheka sisi! Alikuwa anamcheka kijana anayekopa viatu ili aonekane na pesa. Sisi tukaona huo ndio mtindo. Ghafla mji mzima una masharobaro, hata mtu anayeuza maji ya kandoro anatembea kwa kuruka. Na wasichana wenzangu nao wakataka kuonekana kama mabinti wa masharobaro, na mwenye kuwanunulia nguo hizo hakuwa mwanafunzi mwenzao, alikuwa baba wa mtu. Hilo mnalijua, sitalirefusha. Nasema tu kwamba mchekeshaji mwenyewe alikuwa ameshatuonya na tukamkatia kona.

Sharo, jina lake Hussein Mkieti, alifariki kwa ajali ya gari tarehe 26 Novemba 2012 hukuhuku Muheza. Nilikuwa mdogo kwenu kidogo. Mwaka uleule, Aprili, tulikuwa tumempoteza Kanumba. Mwaka mmoja kabla yake alikuwa amefariki Mr. Ebbo, yule aliyeimba "Mi Mmasai" na shuka lake jekundu, na hapo ndipo niliposikia mara ya kwanza kuna kitu kinaitwa saratani ya damu. Mwaka 2014 akaondoka Mzee Small, baada ya kuugua kwa muda mrefu, nikajifunza neno kiharusi. Wengine msamiati wa magonjwa wameupata kwenye kitabu cha baiolojia. Mimi niliupata kwa watu walionichekesha, mmoja baada ya mwingine. Na kuhusu ajali nitasema kwa kifupi: Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wa miaka 5 hadi 29. Ndio nyinyi hao. Kofia ya bodaboda ivaliwe kichwani, isining'inizwe kwenye usukani.

Nataka nimtaje mmoja wa zamani zaidi, ambaye wazazi wenu ndio waliomfaidi. Remmy Ongala. Alizaliwa Kongo, akaja kuwa Mtanzania hasa, na kule Sinza, Dar es Salaam, kituo cha basi kinaitwa Kwa Remmy mpaka leo. Mimi nilimwona kwenye TV mwishoni, akiwa ameshaokoka na anaimba nyimbo za dini. Lakini baba alikuwa akisimulia enzi za Matimila: rasta ndefu, na lile neno alilojiita mwenyewe, Sura Mbaya. Fikirini hilo. Watu wakitaka kukucheka sura, wewe umeshajiita kabla yao. Watakuanzia wapi?

Mtu huyo karibu na mwaka 1990 alitunga wimbo unaitwa "Mambo kwa Soksi". Soksi hiyo si ya mguuni. Mnacheka? Chekeni, hata wao walicheka. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mwaka 1983 kule Kagera, na wakati Remmy anaimba, watu walikuwa wanazikana huku wakisema marehemu karogwa. Kondomu halikuwa neno la kutamka mbele ya mkwe. Redio ya taifa ilikataa kuupiga wimbo ule. Watu wakausikia kwenye kumbi za dansi na kwenye kaseti. Utani wa soksi uliliingiza jambo ndani ya nyumba ambamo daktari asingekaribishwa kulisema.

Leo mambo yamebadilika sana. Mwenye virusi akitumia dawa zake vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Na tangu mwaka 2019 sheria yetu inamruhusu kijana wa miaka 15 kupima VVU bila kusubiri idhini ya mzazi. Remmy hakuyaona hayo yote, alifariki Desemba 2010. Lakini nikienda vijijini na kondomu zangu za maonyesho, wazee bado wananiuliza, "Mwanangu, umetuletea soksi?" Miaka zaidi ya 30! Hakuna bango la ofisi yetu lililowahi kudumu hivyo.

Sasa kuna utani wa namna nyingine, nao unaua. Wavulana, huu mnaujua. Mwanaume akisema anaumwa kiunoni au mkojo unamsumbua, kijiweni wataanza: "Nenda ukapimwe, kidole kinakusubiri!" Kicheko. Nani tena atakwenda?

Baba yangu mdogo alikuwa mfalme wa utani huo. Dereva wa lori, mtu wa mwili na sauti, akiwa kwetu nyumba nzima inacheka. Kama mwaka 2016 hivi tukaanza kumsikia usiku. Anaamka mara nne, mara tano kwenda uani. Anakaa huko mpaka mbu wanamchosha. Mama akimuuliza anasema ni chai ya rangi. Shemeji yake akimwambia aende hospitali anatoa utani wa kidole, watu wanacheka, mazungumzo yanaishia hapo. Alitumia kicheko kama mtu anavyotumia komeo.

Mwaka 2018 Mzee Majuto akaugua. Magazeti yaliandika, TV zikaonyesha, akasafirishwa hadi India kwa matibabu. Akaambiwa ni tezi dume, na ikatangazwa hivyohivyo, tezi dume, saa mbili usiku kwenye taarifa ya habari, watoto wamekaa mkekani. Alifariki tarehe 8 Agosti 2018 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, akarudishwa kuzikwa kwao Tanga. Baba mdogo alikwenda kwenye mazishi. Nilikuwa likizo kutoka chuo. Aliporudi alikaa barazani muda mrefu, viatu vina vumbi, halafu akaniita mimi. Sio kaka zangu. Mimi, mtoto wa kike wa kaka yake, kwa sababu eti nasoma mambo ya afya. Akasema, "Mwanangu, nadhani nina ugonjwa wa Majuto."

Mimi nikasema, "Umeanza lini, baba?" Hakutaja mkojo wala kiungo chochote, na mimi sikutaja. Tulizungumza nusu saa nzima juu ya ugonjwa wa Majuto. Majuto anaamka mara ngapi usiku. Majuto mkojo wake unakatikakatika. Majuto ameona damu? Hapana, damu Majuto hajaona.

Kabla hatujafika siku ya kumpeleka, mkojo ulifunga kabisa. Alipelekwa usiku anatoka jasho, akawekewa mpira, na baadaye akafanyiwa upasuaji. Ilikuwa tezi iliyokua, haikuwa saratani. Yupo hai, lori ameshauza, analima machungwa. Kipimo cha kidole alichokiogopa miaka miwili anasema hakikufika dakika moja. Utani hajaacha, lakini sasa anautumia kuwasukuma wenzake waende: "Nyie mnaogopa kidole, mimi nimelala na mpira!"

Niwaeleze kidogo, kwa sababu mtarudi nyumbani kwa kina baba. Tezi dume ni kiungo ambacho kila mwanaume anacho. Ipo chini ya kibofu na imeizunguka njia ya mkojo, ndiyo maana ikikua inaibana. Kukua kwake uzeeni ni jambo la kawaida na mara nyingi si saratani, ila saratani nayo inaweza kuanza kimyakimya, bila dalili yoyote. Kwa hiyo mwanaume akifika miaka 50 azungumze na daktari kuhusu kupima, na kama kuna ndugu wa damu aliyeugua, aanze mapema zaidi, miaka 45. Kipo kipimo cha damu kinachoitwa PSA. Kikionyesha kiwango cha juu haina maana moja kwa moja kwamba ni saratani, daktari ataendelea kuchunguza. Na kidole, mkitaka kujua, kimevaa glavu na mwenye nacho amefanya kazi hiyo mara elfu.

Wasichana, msidhani ninyi mmepona kwenye hili. Mnajua vizuri ni nini kinachotokea mwenzenu akichafuka sketi akiwa anakwenda ubaoni. Nani anacheka? Si wavulana peke yao. Mwaka jana, shule moja niliyotembelea, msichana aliniambia hajasimama kujibu swali darasani siku za hedhi tangu kidato cha kwanza. Anajua majibu, anakaa nayo. Mwenye maumivu yanayomlaza kitandani kila mwezi, au damu inayotoka zaidi ya siku saba, hiyo si "kawaida ya wanawake" ya kuvumilia. Ina matibabu, na daktari hatakucheka.

Haya, sanduku limerudi. Limejaa, asanteni. Nitachukua la juu kabisa, sichagui.

Limesainiwa "Sharo wa Form Three". Ahaa, kumbe mnamjua! Anaandika: "Dada, korodani yangu moja ina kivimbe kama punje ya harage. Hakiumi. Kipo tangu likizo ya Juni. Nikimwambia mtu atacheka. Kitapotea chenyewe?"

Sharo, kwanza sikiliza ukumbi ulivyo kimya. Hakuna aliyecheka.

Pili, usisubiri kipotee. Uvimbe wa hapo mara nyingi ni kitu cha kawaida, unaweza kuwa maji au mishipa iliyovimba. Lakini saratani ya korodani, ingawa si ya watu wengi, huwapata zaidi vijana kuliko wazee, na mara nyingi huanza hivyohivyo ulivyoandika, kivimbe kigumu kisichouma. Kutouma kwake kusikudanganye. Ikigunduliwa mapema inatibika vizuri sana, na mwenye korodani moja nzima kwa kawaida bado anaweza kuoa na kupata watoto. Cha kwanza ni kuonwa na mtaalamu, kisha kupigwa picha ya ultrasaundi, ambayo haina maumivu. Wiki hii, Sharo, sio likizo ijayo. Na ikitokea siku korodani inauma ghafla kwa maumivu makali, iwe usiku iwe mchana, kimbilia hospitali saa hiyohiyo, maana inaweza kuwa imejisokota na hapo kila saa ina thamani.

Nimekuja na tabibu. Amekaa chumba cha maktaba na atakuwepo mpaka saa kumi. Wataingia watu wa meno, wa macho, wa mafua, wa vidonda vya mpira, kwa hiyo hakuna atakayejua wewe umeingia kwa lipi. Ukifika mwambie tu, "Mimi ni Sharo." Atafunga mlango.

Karatasi ya pili hii hapa. Imesainiwa Malkia wa Mipasho.